Hadithi za bibi zimetoka Uhindi na Uarabuni. Bado ni zetu?

*"Shikamoo Daktari. Nimekuwa nikirekodi kwa simu hadithi za bibi yangu, mzaliwa wa Pangani, umri wake umeshapita miaka 80. Anazo nyingi: Kima na Papa, Abunuwasi, Sungura na kisima, na ile ya maskini aliyenunua paa. Nilitaka kuzitoa kitabu cha watoto, jaladani niandike 'Hadithi Asilia za Kiafrika'. Binamu yangu aliyesoma chuo amenicheka. Anasema Kima na Papa ni ya Wahindi, Abunuwasi ni Mwarabu, na yule paa ni paka wa Wazungu aliyebadilishwa ngozi. Kilicho chetu ni Sungura peke yake, naye Wamarekani wameshamwiba. Sasa nimekwama. Nikiziita za Kiafrika nitakuwa nadanganya watoto? Niondoe masultani na madobi ili zibaki za kwetu? Na kitabu kikitoka, mali ni ya nani: yangu, ya bibi, au ya ukoo?"*

Marahaba, mwanangu. Nianze na binamu yako, maana ndiye aliyekukosesha usingizi. Habari alizokupa nyingi ni za kweli. Amekosea pale alipodhani kwamba hadithi ikishajulikana ilikozaliwa, basi kila aliyeisimulia baada ya hapo ni mkopaji. Dhana hiyo ina umri. Mwaka 1859 Mjerumani Theodor Benfey, alipoitafsiri Panchatantra, kitabu cha kale cha ngano za Wahindi, alidai kuwa ngano nyingi za dunia chimbuko lake ni Uhindi, na kwa miaka mingi wasomi walishughulika kutafuta shina tu. Anthropolojia ilihama hapo. Tunapochunguza hadithi leo tunauliza pia nani anaisimulia, kwa nani, saa ngapi, na amebadilisha nini. Katika kubadilisha huko ndimo unamomwona bibi yako.

Chukua Kima na Papa, kwa sababu ndiyo yenye ushahidi mwingi. Ilichapwa London mwaka 1870 katika mkusanyo wa Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu Unguja. Humo inaitwa Kisa cha Punda wa Dobi. Kima yuko juu ya mkuyu kando ya bahari, anamtupia papa matunda, wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni, na wakishafika maji makuu anamwambia ukweli: sultani wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Laiti ungeniambia mapema, anasema, ningeuchukua. Sisi tukitoka huiacha mioyo yetu mitini. Papa anamrudisha. Kima anaparamia mti, na akiitwa ashuke anajibu kwa kusimulia kisa kingine, cha punda wa dobi asiye na moyo wala masikio.

Sasa fungua Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti chenye umri wa zaidi ya miaka 1400, sehemu yake ya nne. Kima yupo, ila rafiki yake ni mamba na mti ni mzambarau. Anayeutaka moyo ni mke wa mamba. Kima anaponyoka kwa uongo ule ule, na baadaye anamsimulia mamba kisa cha punda wa dobi aliyekosa moyo na masikio: mbweha alimrubuni mpaka kwa simba, simba akamuua, na mbweha akavila kwa siri. Katika karne ya 6 kitabu hicho kilitafsiriwa Uajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Humo mamba amekuwa kasa, na mzambarau umekuwa mti wa tini.

Kwa hiyo binamu yako ana haki, na ni vizuri ujue kwa nini hatuwezi kusema watu wa Unguja waliibuni wenyewe. Kima kufanya urafiki na mnyama wa majini ni wazo linaloweza kumjia mtu yeyote anayeishi karibu na maji. Mdogo kumshinda mkubwa kwa akili liko kila mahali. Ukikuta jambo hilo Pangani na Peru usihangaike kutafuta njia iliyoziunganisha. Lakini moyo ulioachwa nyumbani, kisha ndani ya kisa hicho hicho punda aliyeliwa moyo na masikio kwa siri huku simba akisubiri? Mpangilio wa ajabu namna hiyo hauzuki mara mbili kwa bahati. Kadiri mnyororo unavyokuwa mrefu na wa kipekee, ndivyo tunavyozidi kuwa na hakika kwamba umesafirishwa. Iko hata orodha ya kimataifa ya ngano, iliyoanzishwa na Antti Aarne wa Finland mwaka 1910 na kupanuliwa mara kadhaa tangu hapo. Kima aliyeacha moyo nyumbani ni namba 91.

Ila tazama kilichotokea ilipotua Unguja. Matakwa ya mke yamekuwa amri ya sultani. Mji uliotawaliwa na masultani wa Omani, wenye watu wengi waliojua maana ya kutumwa kumleta mtu kwa mkubwa, ulikuwa na sababu ya kulipokea badiliko hilo. Mbweha wa Kihindi aliyemrubuni punda ametoweka, nafasi yake ameichukua Sungura. Na namna ya kumrubuni imegeuka. Kule Uhindi punda ni dume, anavutwa kwa ahadi ya majike. Unguja punda ni jike, na Sungura anamwendea kama mshenga: nimetumwa nije nikupose. Na nani? Na simba. Punda anafurahi, anafuatana naye. Simba anamrukia, anamkosa, punda anakimbia. Sungura anarudi tena na kumwambia bwana harusi amekuulizia. Anarudi! Mtu wa pwani aliyewahi kukaa barazani siku ya posa anacheka mahali ambapo msomaji wa Kisanskriti asingecheka kamwe. Na simba akiuliza vipi mnyama huyu hana moyo wala masikio, Sungura ambaye ameshavila anajibu kwamba kama angekuwa navyo asingekuja mara ya pili.

Huyo Sungura aliingiaje humo? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wakisikia hadithi ilitoka Uhindi hufikiri ilisafiri kitabuni. Ilisafiri midomoni zaidi. Kaskazi ilileta majahazi ya Kachi ya Uhindi, Hadhramauti, Omani na Ghuba, kusi ikayarudisha. Katikati, mabaharia walikaa bandarini miezi wakingoja upepo, wakishona matanga na kukalafati vyombo, na mtu anayengoja upepo husimulia. Wengine walioa. Wakati huo huo njia za misafara zilileta watu kutoka bara, wengi wao utumwani: Wayao, Wanyasa, Wamanyema. Wanawake miongoni mwao walilea watoto wa mabwana zao, na mlezi hamlazi mtoto kwa hadithi ya kwao bwana. Humlaza kwa ile aliyolazwa nayo yeye. Sungura ni mnyama wa bara. Malawi na Zambia wanamwita Kalulu, na kote huko ndiye mwerevu wa ngano. Kumkuta mjini Unguja akifanya kazi ya mbweha wa Kihindi ni alama ya sauti hizo za bara, ambazo majina ya wenyewe hayakuandikwa popote. Kitabu cha Steere chenyewe kinasema jaladani kwamba hadithi zimesimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Jina lililochapwa hapo ni lake.

Pangani ya mababu wa bibi yako ilikuwa mji wa aina hiyo. Misafara ilitokea hapo kwenda bara, mashamba ya miwa yalikuwa kando ya mto, Waarabu na Wahindi walikuwa na nyumba zao, na hapo ndipo harakati za Abushiri dhidi ya Wajerumani zilipoanza mwaka 1888. Ukiondoa masultani na madobi katika hadithi zake utakuwa umeifuta Pangani yenyewe. Nani amekuomba uifute? Usifanye hivyo.

Nakuongezea mfano wa kumpelekea binamu. Mwaka 1678 La Fontaine, mshairi ambaye kila mtoto wa Ufaransa hukaririshwa tungo zake, alitoa mkusanyo wa pili wa ngano zake na akakiri waziwazi kwamba nyingi anadaiwa na Pilpay, mwenye hekima wa Kihindi. Mkondo ni huo huo wa Kalila na Dimna. Sijasikia mtu akiwaambia Wafaransa kwamba La Fontaine si wao. Hapo ujue kipimo anachotumia binamu hakitumiki kwa wote.

Abunuwasi sitamchelewesha. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli, aliishi Baghdad enzi za Harun al-Rashid na kufa karibu na mwaka 814 au 815, na umaarufu wake ulikuwa mashairi ya mvinyo. Watu wa pwani wamelisahau hilo la mvinyo (bibi yako pengine ashukuru) na kumfanya maskini mjanja anayewaumbua matajiri na sultani. Visa kadhaa anavyopewa huku, kama kile cha sufuria iliyozaa na baadaye kufa, Waturuki wanampa Nasreddin na Waarabu wanampa Juha. Ni jina moja la kutundikia vichekesho vya mji mzima. Nakushauri tu umwulize bibi alivisikia wapi. Hekaya za Abunuwasi zilichapwa na kusomwa mashuleni zamani, kwa hiyo inawezekana kisa kilitoka barazani, kikaingia kitabuni, kikasomwa darasani, kikarudi jikoni kwa mama yake. Akikwambia "tuliisoma shule", liandike hilo. Si aibu, na ni sehemu ya safari yake.

Hadithi ya paa ndiyo niipendayo kuliko zote, na hapa binamu ameharakisha. Maskini anachakura jaani, anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anasema, anakwenda kwa sultani kumwombea bwana wake mke, anaua nyoka na kumpatia bwana nyumba ya fahari. Umbo hilo kweli linafanana na paka mwenye viatu wa Mfaransa Perrault, aliyechapwa Paris mwaka 1697. Lakini Perrault naye hakuanza. Zaidi ya karne moja kabla yake Mwitaliano Straparola alishachapa paka wake Venice, na sehemu nyingi za Asia kazi hiyo anaifanya mbweha. Hakuna sababu ya kudhani ilipitia Ulaya kuja kwetu. Zaidi ya hapo, soma mwisho. Paka wa Perrault anakuwa bwana mkubwa, anakamata panya kwa kujifurahisha tu. Kwingine mnyama hujifanya amekufa ili ampime bwana wake. Paa wa Unguja anaugua kweli. Bwana anaamuru apikiwe uji wa mtama mbovu, mkewe anamsihi, hasikii. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani, mji mzima unamlilia. Usiku ule mwanamke anaota yuko kwa baba yake, na mwanamume anaota yuko jaani anachakura. Wanaamka, na ndiko waliko. Msimulizi aliyeumalizia hapo alikuwa akiwaambia watu wake jambo kuhusu fadhila, na alilitaka liume.

Sasa Sungura na Wamarekani. "Wameiba" ni neno linaloficha walioibwa. Walioipeleka hadithi Marekani ni watu waliovushwa bahari kwa minyororo, wengi kutoka Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola, na wachache wa Msumbiji. Mnyama mjanja walikwenda naye kichwani. Waakan wa Ghana ya leo walikwenda na buibui Anansi, ambaye mpaka leo yuko Jamaika na Suriname. Waliotoka penye hadithi za sungura, Senegal ikiwemo, walikwenda na sungura. Mwaka 1880 mwandishi wa magazeti mzungu, Joel Chandler Harris, alichapa visa vya Brer Rabbit, yaani Ndugu Sungura, alivyovisikia tangu ujana kwa watumwa wa shamba moja Georgia. Kinachojulikana zaidi ni cha sungura kunasa kwenye sanamu la lami. Kuna matoleo ya Marekani ambamo sungura anakataa kushiriki kuchimba kisima, kisha anakuja kuiba maji. Kisome halafu umsikilize tena bibi yako na Sungura wake wa kisimani. Wasomi walibishana sana juu ya hili: Richard Dorson alishikilia kwamba ngano nyingi za Wamarekani weusi zilitoka Ulaya, na mwanaanthropolojia William Bascom akatumia miaka yake ya mwisho kuonyesha, kisa baada ya kisa, zipi zinapatikana Afrika na Marekani lakini Ulaya hazipo. Mimi niko upande wa Bascom, ingawa sanamu la lami lenyewe lina ndugu hata Uhindi.

Nimemtaja Harris ili nikufikishe kwa mtu unayepaswa kumfahamu. Zora Neale Hurston, mwanamke mweusi wa Marekani, alisoma anthropolojia kwa Franz Boas New York, kisha akarudi kukusanya hadithi Eatonville, Florida, mji aliokulia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1935. Humo hadithi hazikupangwa peke yake zikiwa zimekatwa mizizi. Unawaona watu kwa majina, wameketi barazani, wanataniana, mmoja anamkatiza mwenzake, hadithi inazaliwa katikati ya mabishano. Wewe unayo nafasi hiyo hiyo, na Steere na Harris hawakuwa nayo kwa namna hiyo: anayesimulia ni bibi yako, na anaweza kukubali au kukataa.

Basi nifanye nini, utauliza. Neno "asilia" litoe jaladani. Linaahidi usafi ambao hakuna fasihi duniani inao, na mtoto akija kugundua atadhani umemdanganya na mengine. "Za Kiafrika" ni kweli, ila ni pana mno. Mimi ningeandika jina la bibi na Pangani. Mwishoni mwa kila hadithi tia mistari michache: aliisikia kwa nani, akiwa na umri gani, wapi, na kama ina ndugu Uhindi au Marekani useme. Watoto wanapenda habari hizo kuliko tunavyodhani. Nyimbo zilizo ndani ya hadithi usizifupishe. Ukiandika "akaimba wimbo" bila maneno yake umeacha nusu nje, maana kwenye wimbo ndipo wasikilizaji huitikia. Bibi akianza na "Paukwa" na wajukuu wakajibu "Pakawa", iandike sauti ya wote. Na rekodi zenyewe zitoe kwenye simu leo. Weka nakala mahali pengine pawili, kwa sababu simu hupotea.

Kuna hoja ya upande wa pili nisiyotaka kuificha. Kitabu cha namna hii kitakuwa kinene, cha gharama, na mchapishaji wa vitabu vya watoto anaweza kukuomba ufupishe, ulainishe mwisho wa paa, uondoe maelezo. Unaweza kukubali kwa toleo la watoto, mradi nakala kamili ibaki mahali. Kinachoumiza ni kulainisha na kutupa asili yake.

Kuhusu mali, nisikudanganye kwamba jibu ni jepesi. Kima na Papa kama kisa haina mwenyewe. Namna bibi anavyoisimulia, maneno yake na nyimbo zake, ni kazi yake, na wewe una haki juu ya ulichoandika na kupanga. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi za jamii, kwa hiyo kabla ya kusaini chochote nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na rekodi zako uulize ana kwa ana. Ndugu wa Unguja na Pemba wana COSOZA. Mkataba wa mchapishaji ukisema unahamisha haki zote milele, mtafute wakili, hata kama lugha ni tamu. Jina la bibi liwe jaladani kwa herufi zinazoonekana, na mgawo wake wa fedha mkubaliane sasa, akiwa na nguvu, mbele ya wanawe. Nimeona ukoo ukigombana juu ya kitabu baada ya msimulizi kufariki, na wote walikuwa na hoja.

Jambo moja usiliamue kwa kusoma jibu langu. Kama kati ya hadithi au nyimbo zake ziko za unyago, za mwali na somo wake, simamisha rekodi na umwulize kama zinaruhusiwa kutoka. Akisita, hata kidogo, waone kina mama wengine wa rika lake na makungwi wa hapo. Wao ndio wenye kauli, si mimi wala mchapishaji. Kwa hadithi nyingine, ukitaka msaada wa kuandika lahaja yake sawasawa, nenda Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kama ndiko karibu. Chukua sauti yenyewe, wasikupe ushauri kwa maandishi matupu.

Na kama bibi anachoka haraka, panga upya mfululizo. Anza na zile ambazo hujawahi kuzisikia kwa mtu mwingine yeyote, hasa zenye nyimbo, jioni akiwa na wajukuu mbele yake. Abunuwasi utampata hata vitabuni.